Ng'ambo Aliyoitaka Mama Yako

Kwa Marehemu Ogendo,
Mtaa wa Marachi,
Busia.
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mpendwa binti yangu Vivianne,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, na kupitia kwako nawasalimu wote watakaoketi sebuleni mwako Jumapili ya tarehe thelathini na moja, siku mliyoitenga ya kupanga safari ya mama yako. Kwa kuwa najua barua hii itasomwa kwa sauti, niruhusu nimtambue kila mmoja kwa nafasi yake. Mzee Paulinus, binamu wa marehemu kaka yangu na mkubwa wa familia yetu huko London, shikamoo. Mkwe wetu Ayub, uliyemtunza binti yetu miaka hii yote, pokea heshima zangu. Wajukuu zangu Ibra na Hasina, babu anawasalimu. Kiswahili changu kikiwapiga chenga mwulizeni baba yenu, maana yeye alizaliwa nyuma ya msikiti wa hapa Busia. Nawe Vivianne, ambaye ndiwe msomaji, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata utakapofika mahali pa kutamani kuiweka chini.

Je, hamjambo? Kile kikohozi cha Hasina kilichotutia wasiwasi kimekwisha? Na zamu zako hospitalini, bado ni zile za kukunyima usingizi? Sisi huku hatujambo. Mimi nina goti moja lisilopenda mvua, na Agosti hii mvua imekuwa nyingi, lakini hilo ni jambo la umri. Kijijini kwetu Sigalame tumevuna. Mahindi tunayaanika na kuyaanua mara tatu kwa siku kwa sababu ya mawingu.

Mama yako ni mzima. Presha yake imetulia, na mkono ule alioangukia bafuni mwezi wa Januari umenyooka. Nayaandika haya mapema ili utakaposoma yaliyo mbele usidhani ni habari ya ugonjwa.

Barua yako ya Juni niliisoma mara mbili. Ulieleza jinsi ulivyochukua siku yako moja ya mapumziko, ukatembea kwa miguu manispaa yenu ya Lewisham tangu asubuhi mpaka jioni, kuona miguu ya mama yako itaweza nini. Ulipita kanisani, ukapita zahanati, ukapanda kile kilima cha kwenda bustanini, na njiani kote ukahesabu benchi ambazo anaweza kupumzikia. Ulipata kumi na moja. Nilipofika hapo nilivua miwani, nikaifuta, nikakaa nayo mkononi kwa muda.

Barua hiyo ndiyo iliyonipa wazo. Nilijiambia kwamba, kabla mama yako, shemeji yangu Alaso, hajaondoka, ni haki naye autembee mji wake siku nzima, awaage anaotaka kuwaaga, nami niione hiyo miguu kwa macho yangu. Jumatano iliyopita nilitoka Sigalame nikaja kulala hapa kwenu Marachi, nikamweleza. Nilitarajia akatae. Akasema, "Sawa shemeji, lakini tutembee pole pole. Na uvae viatu ya maana, hii yako ya ualimu itakuumiza."

Viatu vyangu viliniumiza, kama alivyosema.

Tulitoka Alhamisi saa mbili asubuhi, yeye na mwavuli wake mweusi anaoutumia kama mkongojo bila kukiri kwamba ni mkongojo. Tulianzia kanisani. Alinionyesha upande anaokaa, na nafasi aliyokuwa akikaa kaka yangu Ogendo, ambayo mpaka leo akina mama wenzake hawaikalii. Hakusema neno la kwaheri hapo. Aliinama, akaokota ganda la pipi lililokuwa chini ya kiti, tukatoka.

Kutoka hapo alinipitisha kliniki anakochukulia dawa. Mwuguzi mmoja alimwona kwa mbali akaita, "Mama Vivi, leo si siku yako!" Naye akamjibu, "Nimekuja kukukagua wewe." Tukaendelea kuteremka kuelekea Soko Posta, tukipumzika kila alipotaka. Hakuna benchi mjini mwetu, Vivianne. Kuna viti vya watu. Katika njia ile mama yako aliketi kwenye kiti cha fundi cherehani, kwenye kreti ya soda ya mwenye duka, na kwenye ndoo iliyopinduliwa ya mwuza nyanya, na kila mahali mwenyewe aliinuka kabla hajaombwa.

Sokoni ndiko nilikopaswa kutambua. Mama mmoja mwuza dagaa wa omena, mwenye sauti ya kuita watu kutoka Mundika, alisimama alipotuona.

"Mama Vivi! Nasikia unatuhama. Ati unatuacha na hii jua yetu?"

"Nawaacha niende wapi?" akasema mama yako. "Jumanne nitakuja tu kuchukua omena yangu. Usinipimie na ile kikombe yako imebonyea."

Wakacheka wote, nami nikacheka pamoja nao. Nilidhani ni utani wa mtu anayeficha uchungu wa kuondoka. Nilimsifu moyoni kwa ujasiri wake.

Tuliposhika barabara kuu, malori yalikuwa yamejipanga kungoja kuvuka, madereva wamekaa kivulini wakipikiana chai. Kijana wa bodaboda alitufuata polepole, akinisihi mimi. "Mzee, lete huyo mama nimbebe. Mbona unamtembeza kama mtu wa maandamano?" Mama yako hakugeuka. "Wewe endesha kitu yako," akamwambia. "Mimi nilibebwa na baiskeli hapa mpakani kabla baba yako hajaota ndevu." Kijana alicheka mpaka pikipiki ikamzimikia.

Saa sita hivi tulifika kwenye kituo cha mpakani. Hapo mama yako alifunga mwavuli, akatoa kitambulisho kwenye kitambaa anachofungia vitu vyake, akaniambia kama mtu anayemkaribisha mgeni: "Haya shemeji. Sasa twende nikuonyeshe ng'ambo."

Nilielewa kwamba anataka kununua kitu upande wa Uganda, au kumsalimu dada yake. Sikuwaza zaidi. Afisa mmoja aliyemfahamu akamtania, "Mama, leo umekuja na askari?" Akajibu, "Huyu ni shemeji yangu. Ni mwalimu, msimwogope." Tukavuka. Upande wa pili watu walianza kumwita nyabo badala ya mama, naye akawajibu kwa lugha yao bila kupunguza mwendo. Hapo ndipo nilipoona kwamba mwendo wake ulikuwa umeongezeka. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

Hatukutembea hata robo saa. Katika mtaa wa Sofia, nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga, tuliingia kwa mama yako mkubwa Christabel. Unakumbuka kwamba naye ni mjane. Mwanawe Omoding na mkewe wamejenga uani humo humo. Christabel alikuwa akipepeta wimbi. Hakuweka ungo chini mara moja.

"Kumbe watu wa Sigalame wamekuachilia," akamwambia dada yake. Kisha akaniangalia mimi. "Karibu shemeji. Nimengoja tangu Pasaka. Nikasema labda mmemfungia."

Sikuelewa. Christabel alitutangulia ndani, akasukuma mlango wa chumba cha pembeni. Kulikuwa na kitanda kimetandikwa, mito miwili, chandarua cha buluu, na msumari ukutani wa kutundikia nguo. Dirisha linatazama jiko la Christabel, karibu kiasi kwamba mtu anaweza kupokea kikombe cha chai bila kutoka chumbani. Mama yako aliketi kitandani akavua viatu, akavipanga chini pamoja, ncha zikielekea ukutani, kama afanyavyo mtu aliyefika.

"Shemeji," akasema, "ng'ambo ndio hii. Mimi niko tayari. Lakini hiyo karatasi ya picha na vidole, kwani siku hizi inatakiwa hata kwa kuvuka hapa?"

Vivianne, nilisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimwuliza kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikimwuliza mtoto ambaye sitaki kumtisha: "Mwezi wa Februari, Vivianne alipokuuliza kwenye simu kama uko tayari kwenda ng'ambo, ulikuwa ukisema hapa?"

"Kwani iko ingine?" akajibu.

Naomba mnivumilie nieleze, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Baada ya mama kuanguka tulikubaliana sote kwamba hawezi kuendelea kukaa peke yake Marachi. Tuliketi hapa nyumbani, simu ikiwa mezani imefunguliwa sauti. Vivianne aliuliza, kwa maneno haya haya, "Mama, uko tayari kwenda ng'ambo?" Na mama akajibu, "Mimi niko tayari tangu baba yenu azikwe." Vivianne alilia kwa furaha, nami siku iyo hiyo nikakaa na kalamu nikaandika kwamba mama amekubali kuhamia London.

Kosa ni langu. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na mingi kati ya hiyo niliifundishia Nyeri na Nakuru, mahali ambapo mtu akisema ng'ambo anawaza ndege na bahari. Nilisahau kwamba hapa Busia neno hilo ni la kila siku, na kwamba mtu hulisema akiwa na kapu tupu mkononi na kurudi nalo limejaa kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa Nakuru angekosea hivyo bila kulaumiwa. Mimi ni mtu wa Sigalame, nami nilimwandikia mtoto aliyezaliwa Marachi. Wewe mwenyewe, ukiwa na miaka tisa, ulitumwa ng'ambo kununua mchele, ukarudi umeshika viatu mkononi kwa sababu ya tope na mama yako akakusifu kwa kuviokoa. Ulilijua neno hilo kabla hujajua kwamba kuna mji unaoitwa London.

Nikamwuliza kuhusu lile koti zito ulilomtumia mwezi wa Mei, kama halikumshangaza.

"Lilinishangaza," akasema. "Nikasema labda Vivi amesikia Sofia siku hizi kuna baridi."

Christabel alicheka akashikilia mlango. Mama yako alicheka pia, kisha nikamwona akiacha kucheka kidogo kidogo. Alikuwa ameanza kuunganisha: picha, alama za vidole, koti, na maswali yako ya kila wiki kama anaogopa kupanda juu.

"Kwa hivyo ni kule kwa ndege," akasema.

Nikamwambia ndivyo.

"Na mtoto ameniandalia?"

Nikamwambia kuhusu chumba ulichokipaka rangi, na kuhusu zile benchi kumi na moja. Nilimwambia yote. Alivaa viatu vyake tena. Christabel alitoka kwenda kuchemsha chai, nadhani si kwa sababu ya chai.

"Basi nitaenda," mama yako akasema. "Usimwambie chochote. Mtoto ameshapaka chumba rangi, nitamkataaje? Mwandikie niko njiani."

Hiki ndicho kiini cha barua hii. Mama yako yuko radhi kuondoka hapa na kuja kukaa huko siku zake zilizobaki ili wewe usione haya mbele ya watu. Hatakuambia kamwe. Ukimpigia leo umwulize kama anataka kuja, atasema anataka, na sauti yake haitatetemeka. Kama nami nitanyamaza, tarehe tisa Septemba atachukuliwa alama za vidole za viza Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha mtampokea kwenye uwanja wa ndege amevaa lile koti.

Nilimwuliza jambo moja zaidi, nalo ulijue. Nilimwuliza kama hataki kuwaona wajukuu. Akanijibu, "Kutembea naweza. Hata mwezi mzima. Kukaa ndio siwezi." Kisha akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani, bila kuinuka. Pale ni jiko la Christabel. Pale ni mlango wa Omoding, na mkewe ni mkunga anayejua kupima presha. Kliniki yake anaifikia kwa kuvuka, soko lake kwa kuvuka, kanisa lake kwa kuvuka, kaburi la Ogendo kwa kuvuka na kupanda gari moja. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu ambavyo tayari ni vyake.

Nikamwambia kwamba sitaweza kutimiza ombi lake la kunyamaza. Kwamba mimi ndimi niliyeandika vibaya mara ya kwanza, na ni lazima niandike tena. Tulikunywa chai yote, wale ndugu wawili wakigombana juu ya nani anakoroma zaidi, Christabel akisema Wazungu wangemrudisha dada yake wiki ya kwanza kwa ajili ya kelele hizo. Tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumekaribia kituo cha mpakani, mama yako alisimama.

"Basi andika," akaniambia. "Lakini andika vizuri."

Nimejaribu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ndiyo iliyotukosesha. Naandika kwa mkono, na Sumaiya mwenye duka la fotokopi ataipiga picha kila karatasi na kukutumia.

Juzi Jumapili niliwakutanisha wazee wa Sigalame, maana jambo hili lina upande wao. Wapo walioona uzito. Walisema mke wa Ogendo akihamia kwa dada yake, watu watasema amerudi kwao na ndoa ameiacha. Niliwakumbusha kwamba Ogendo mwenyewe alivuka kila Ijumaa na mfuko wa sukari kumjulia hali Christabel, na hakuna aliyesema ameoa tena. Walicheka, na baada ya kucheka wakafikiri. Wamekubali kwamba anabaki mke wa nyumba ile, kwamba nyumba ya Marachi inabaki yake, na siku Mungu atakayomwita atalala Sigalame karibu na mumewe. Alipoelezwa, alisema hilo hakuwa na shaka nalo.

Sasa nakugeukia wewe, mwanangu, nikiwaomba wengine waniwie radhi. Sitakuambia kwamba chumba kile kitapata kazi nyingine. Ulikipaka rangi kwa ajili yake na hatakilalia, na hilo litakuuma kila utakapopita mlangoni. Miaka kumi na tisa umeitamani siku ya kumpikia mama yako mwenyewe. Mimi ndiye niliyekupa tumaini hilo kwa maandishi yangu, na leo ndiye ninayeliondoa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi. Yeye usimkasirikie, hakukukataa wakati wowote. Alikujibu ukweli kwa neno alilokulelea nalo.

Nisalimieni wote. Wasalimu majirani wa Busia mnaokutana nao kanisani, na umwambie Ayub kwamba shangazi zake wa dukani wamenituma nimkemee kwa kutopiga simu. Hasina amalize dawa. Ibra aendelee na ule mpira, lakini vitabu vitangulie. Mzee Paulinus, Mungu akuongezee nguvu na usingizi mzuri. Aliye juu awafunike nyote, awape riziki halali na amani nyumbani mwenu, asubuhi na jioni.

Mwisho, kwa niaba ya wazee wa Sigalame, natangaza tuliyoyaamua, na naomba kikao chenu kiyatekeleze kabla hakijavunjika. Ombi la mama kuhamia London liondolewe, na siku ile ya tarehe tisa ifutwe. Kazi hiyo tunamwachia Ayub. Mzee Paulinus atamke mbele yenu kwamba familia iliyo huko imeridhia, ili asiwepo wa kulifufua jambo hili kesho. Jumamosi ya tarehe sita Septemba, Omoding na mimi tutambebea mama vitu vyake mpaka Sofia, naye atatembea mbele yetu kama alivyotembea Alhamisi.

Lakini amesema hatatoa hata sufuria moja ndani ya nyumba ya Marachi mpaka aruhusiwe na binti yake, kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo, Vivianne, ukimaliza kusoma mstari huu, ikunje barua, chukua simu, umpigie wote wakisikia. Atakuwa ameketi na simu mapajani tangu mchana. Nimemwambia utapiga.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye siku zote,

Callistus Ochuodho